Uwongo njoo, utamu kolea: je, ngano inaweza kusema kweli?

SWALI: Assalamu alaikum, mwalimu. Mimi ni msichana wa Langoni, Lamu, niko chuo kikuu mwaka wa pili. Nyanya yangu ametulea kwa kisa cha Fumo Liyongo, ambaye hakuna silaha iliyomuingia ila sindano ya shaba ya kitovuni. Nilipokuwa mdogo niliamini kila neno. Sasa najua mwili wa mtu hauko hivyo. Kisha mwaka huu, Barzanji, kile kitabu cha sifa za Mtume, iliposomwa kwenye Maulidi, nikasikia tena kwamba mama yake Mtume aliposhika mimba wanyama wa Makureshi walitamka kwa ulimi fasaha wa Kiarabu, na kwa mara ya kwanza nikakaa kimya wakati wenzangu wanaitikia. Kaka yangu anasema kisicho kweli ni uongo, na uongo haufai nyumbani. Rafiki yangu wa chuoni anasema dini zote ni ngano, ila ni ngano zenye hekima, tuzipende hivyo hivyo. Wote wawili wananiumiza na sijui kwa nini. Je, jambo linaweza kubeba ukweli na lenyewe si kweli?

JIBU: Wa alaikumu salamu, mwanangu.

Kuna maneno ambayo bila shaka umeyasikia tangu hujajua kutembea. Mtambaji anaita: hadithi, hadithi! Watoto wanaitika: hadithi njoo, uwongo njoo, utamu kolea. Yasikilize tena. Mzee mwenye heshima zake, ametoka kuswali Isha sasa hivi, anaketi mkekani na wajukuu na kuuita uwongo uje. Wala hakuna aliyewahi kumtoa ushahidini kwa hilo, kwa sababu hakumdanganya mtu. Sungura akianza kujadiliana na simba, kila aliyeketi pale anajua ameingia nyumba gani.

Kwa hiyo jibu langu ni ndiyo, lisilotokea linaweza kubeba kweli. Ila ndiyo yangu ina masharti. Mtu akikuambia jahazi limezama pale Mkanda, na halikuzama, amekudanganya, maana alijitolea kukupa habari. Aliyesema paukwa hakuahidi habari. Kabla hujauliza kama maneno ni kweli, uliza yamekuahidi nini. Kaka yako anazidai ngano zote habari. Rafiki yako anazigeuza habari zote ngano. Nadhani hapo ndipo panapokuuma.

Liyongo ana ugumu wake, kwa sababu kisa chake hakianzi kwa uwongo njoo. Kinasimuliwa kama mambo yaliyokuwa: mtu ana mji, ana mama, ana mwana, na kaburi lake watu wa Kipini na Ozi wanakuonyesha hadi leo. Wanahistoria wamepishana kwa karne kadhaa kuhusu zama zake, lakini si ajabu kwamba palikuwa na mtu. Sindano ya shaba sitaitetea. Daktari akiniuliza nitamjibu kuwa haiwezekani, na nitakuwa nimesema kweli.

Sasa rudi kwenye sehemu ambayo watu wengi huipita haraka. Mwanawe ameahidiwa ufalme na mke, amemchoma baba yake usingizini. Liyongo anaamka na jeraha lake, anakwenda mpaka kisimani, anapiga goti, anaweka mshale kwenye upinde, na anafia hapo hapo akiwa ameuvuta. Watu wanamwona kwa mbali. Hakuna anayethubutu kusogea. Siku zinapita, mji hauna maji, mpaka wanakwenda kumwomba mama yake akamtulize mwanawe, na mama anakwenda akimbembeleza maiti. Anapoanguka ndipo wanapojua.

Wewe ni mtu wa Lamu. Maji matamu ya mji wako yametoka chini ya matuta ya mchanga ya Shela, na nyanya yako anajua kisima ni nini kwa mji uliozungukwa na maji ya chumvi. Msikilizaji wa visiwa hivi hahitaji kuelezwa kwamba mji umekabwa koo na mtu ambaye tayari amekufa. Mara nyingi watu huitimisha habari hii kwa kikulacho ki nguoni mwako, nami siipingi methali, lakini naiona ndogo kwa kisa kikubwa hivi. Kisa kinasema jambo juu ya hofu: hofu ya mtu inaweza kuendelea kutawala mji baada ya mtu mwenyewe kwisha, na wa kuivunja ni yule asiyemwogopa kwa kuwa alimzaa. Hilo ni dai. Unaweza kulipima kwa miji na serikali unazozijua. Unaweza hata kulikataa. Ndiyo maana nasema lina ukweli ndani yake: lingeweza kuwa si kweli.

Sharti langu la kwanza ni hilo. Anayesema ngano hii ina ukweli wa ndani aweze kuutaja ukweli wenyewe kwa maneno, na awe tayari kuambiwa amekosea. Vinginevyo ukweli wa ndani ni pango la kujifichia.

Kuhusu Barzanji, huna haja ya kwenda mbali kutafuta mizani. Iko nyumbani. Wanazuoni wa hadithi za Mtume walitenganisha tangu zamani mambo mawili ambayo sisi tunayachanganya: maneno haya yana maana sahihi, na maneno haya yalisemwa kweli na Mtume. Mfano unaujua tangu madrasa, tafuteni elimu hata China. Umeandikwa kwenye kuta za shule ngapi? Na wapimaji wa hadithi wameuweka miongoni mwa dhaifu sana, wengine wakaitaja kuwa ya kuzushwa. Ibn al-Jawzi aliiingiza kwenye mkusanyo wake wa hadithi za uongo. Hakuna hata mmoja wao aliyesema basi msitafute elimu. Walichokataza ni kumpachika Mtume asilolisema, hata likiwa jema. Hiyo ndiyo adabu ninayotaka uishike: maana ina hesabu yake, na nasaba ya maneno ina hesabu yake, na deni la hii halilipwi na ile.

Barzanji aliitunga Sayyid Jaafar al-Barzanji, mufti wa Kishafii wa Madina, katika karne ya 18. Ni nathari yenye vina, ni sifa. Habari ya wanyama kusema haikupewa na wapimaji daraja la sahihi, na si nguzo ya imani ya mtu yeyote. Ulipokaa kimya hukutoka katika dini. Nao walioitikia hawakuwa wakitoa ushahidi mahakamani. Walikuwa wanasema kwamba kuja kwake kulikuwa furaha ya kila chenye roho. Ukiliamini hilo, itikia kwa hilo. Ukitaka kunyamaza pale kwenye wanyama, nyamaza bila kuona haya. Mimi nimekwenda Maulidi ya msikiti wa Riyadha miaka mingi, na miaka mingine niliitikia, mingine sikuitikia.

Nikupeleke sasa kwenye mfano ninaoupenda kuliko yote, kwa kuwa unatuhusu sisi damu na nyama.

Unajua kisa cha Washirazi. Mfalme wa Shirazi anaota panya mwenye mdomo wa chuma akitafuna ukuta wa mji. Anaelewa kwamba mji wake utaanguka. Anapanda merikebu saba na wanawe sita, kila merikebu inatia nanga mahali pake pwani hii, na mmoja anafika Kilwa, anakinunua kisiwa kwa nguo zinazotosha kukizunguka chote. Panya wa chuma, ndoto, saba, kitambaa cha kuzunguka kisiwa: kila alama ya ngano imo. Waingereza wakati wa ukoloni walikipenda kisa hiki, kikawasaidia kusema kwamba misikiti ya mawe na majumba ya pwani yalijengwa na wageni. Kisha wakaja watafiti wa miaka ya 1970 na 1980, wakaonyesha kwamba Kiswahili ni lugha ya Kibantu toka mizizi yake na miji hii ilikua kutoka hapa hapa, na wengi wao wakaona Ushirazi kuwa ni madai ya kujipa heshima basi. Nami nilifundisha hivyo darasani. Nilifundisha kwa uhakika kabisa.

Machi 2023, jarida la Nature likachapisha utafiti wa vinasaba vya watu 80 wa kale, wengi wao waliozikwa katika miji ya pwani kati ya mwaka 1250 na 1800 hivi. Yamo makaburi ya Manda, kisiwa unachokiona ukisimama gatini, na ya Faza. Wakakuta kwamba damu za Afrika na za Asia zilianza kuchanganyika kama mwaka 1000. Wakakuta kwamba upande wa Asia, kabla ya 1500, ulikuwa hasa wa Kiajemi, na ulikuja kwa wanaume; damu ya Kiarabu ikaongezeka baadaye. Na wakakuta kwamba kwa wengi wa watu hao zaidi ya nusu ya vinasaba vilitoka Afrika, na kwamba hizo ni damu za mama zao.

Nilipousoma nilikaa na ile karatasi muda mrefu. Wazee waliosimulia merikebu saba walikuwa wamehifadhi jambo la kweli kwa karibu miaka 1,000, sisi wasomi tukalitupa kwa sababu lilikuwa limefungwa pamoja na panya. Hata Shanga, kule Pate, mambo yalikuwa hivyo. Masimulizi ya kwetu yanasema miji hii ilianzishwa na watu wa khalifa Abdul Malik bin Marwan, aliyefariki mwaka 705. Mwanaakiolojia Mark Horton na wenzake walipochimba Shanga miaka ya 1980 hawakukuta jeshi la khalifa kutoka Shamu. Walikuta msikiti juu ya msikiti, na wa chini kabisa ni wa miti, mdogo, wa karne ya 8. Masimulizi yalikosea nani, yakakaribia sana lini.

Lakini usikimbilie kushangilia. Angalia mama zetu wako wapi katika kisa cha merikebu saba. Wanaume wanashuka, kitambaa kinatandazwa, ufalme unaanza. Binti wa mwenyeji, katika masimulizi ya Pate kuhusu Mnabhani, mgeni wa ukoo uliokuja kuutawala mji, anaolewa na ufalme unakwenda naye kama sehemu ya mahari. Mreno João de Barros, aliyechapisha habari za Kilwa mwaka 1552, anaeleza kuwa yule mwana wa mfalme alidharauliwa na nduguze kwa vile mama yake alikuwa mjakazi Mhabeshi, na hapo mama anatajwa ili aonewe haya. Makaburi yamesema nusu kubwa ya sisi ni wao. Kisa kimesema kweli juu ya baba na kimewafunika mama, na kwa vizazi vingi watu walikitumia kupima nani muungwana na nani si muungwana, nani aozwe na nani asiozwe. Baadhi ya machozi ya wanawake wa mji wetu yametoka hapo. Hilo nalo ni la kweli, na kisa ndicho kilicholibeba bila kulitaja.

Kuna na upande wa pili ambao hukuuliza, lakini bila huo swali lako halikamiliki: kitu cha kweli kinaweza kubeba uongo. Mwaka 1415 Malindi ilimpelekea mfalme wa China twiga. Twiga hai, wa nyama na mifupa. Kule wakamlinganisha na qilin, mnyama wa visasili vyao ambaye huonekana tu pale mfalme mwema anapotawala. Mfalme mwenyewe, Yongle, alikuwa amemnyang'anya kiti mpwa wake kwa vita mwaka 1402, kwa hiyo unaelewa ishara ile ilivyokuwa tamu kwa walioizunguka enzi yake. Mnyama alikuwa wa kweli tupu. Uongo ulikuwa kwenye maana. Mwambie kaka yako habari hii, maana yeye anaamini ukishahakikisha tukio umemaliza kazi.

Rafiki yako naye ana jibu moja ambalo nahisi ameshakupa: kwamba ngano ina faida, basi inatosha. Atakutajia misitu ya kaya za Mijikenda, kuanzia huku nyuma ya Malindi. Wazee walisema mwenye kukata mti wa kaya atapatwa na mabaya. Sheria ile ikalinda miti mikubwa na mimea ambayo kwingine imekwisha, na mwaka 2008 kaya hizo ziliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia. Ni kweli, na nawaheshimu wazee wale. Ila faida si ukweli. Uongo mwingi una faida, hasa kwa mwenye kuusema. Na mzee wa kaya hasemi usikate mti kwa sababu imani hii inatunza mazingira. Anasema kwa sababu anaamini mahali pale ni patakatifu. Ukimsifu kwa jambo asilolisema, hujamsikiliza bado.

Hapo tumefika kwenye dini, na nitasema kwa uwazi kwamba mimi ni Muislamu, ili ujue ninazungumza nikiwa nimesimama wapi.

Wazo la rafiki yako si jipya, na si la wazungu. Al-Farabi, aliyefariki mwaka 950, alifundisha kwamba mwanafalsafa anaufikia ukweli kwa hoja, na dini inaufikisha ukweli ule ule kwa watu wote kwa picha na mifano. Baadaye Ibn Rushd wa Cordoba, aliyekuwa kadhi na si mtu wa pembeni, aliandika kwamba haki haipingani na haki: hoja ya yakini ikigongana na maneno ya andiko, basi andiko linatafsiriwa kwa maana yake ya ndani. Hizi ni akili kubwa. Lakini katikati yao anasimama Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, na pingamizi lake sijapata kuliona likijibiwa kwa wepesi. Wanafalsafa walisema kufufuliwa kwa miili ni mfano uliotolewa ili watu wa kawaida waelewe. Ghazali akawajibu kwamba hapo mnawasingizia Mitume: mnasema walijua jambo haliko hivyo, wakaliambia umma liko hivyo, kwa maslahi ya umma. Mkiita hilo hekima, mmehalalisha udanganyifu kwa waliokuja kuukataza.

Nadhani Ghazali amekutajia kidonda chako. Rafiki yako anaposema dini ya nyanya yako ni ngano yenye hekima, anadhani amempa zawadi. Kumbe nyanya yako anaposwali hasemi paukwa. Anasema yuko Mmoja anayemsikia. Ama anasikiwa ama hasikiwi. Anayetaka kukataa na akatae, hiyo ni heshima, kwa sababu amelichukulia dai kama dai. Kulisifia utamu na kulivua ukweli wake ni kumwondoa bibi mzima kwenye baraza la watu wazima. Qurani yenyewe inawataja waliosema wahyi ni hekaya za watu wa kale, na haikuyapokea maneno yao kama sifa.

Hilo halimaanishi kwamba kila sentensi ya dini ni habari. Qurani hiyo hiyo inasema Mwenyezi Mungu haoni haya kupiga mfano hata wa mbu, na mfano unaitwa mfano. Majirani zetu Wakristo wa Malindi hawaulizi yule Msamaria wa njiani alikuwa mtoto wa nani. Na katika Biblia, Samweli wa Pili sura ya 12, Nathani anamweleza Daudi juu ya tajiri aliyemnyang'anya maskini kondoo wake mmoja, Daudi anawaka hasira, kisha anaambiwa: wewe ndiwe mtu huyo. Wanazuoni wetu wengi hawaikubali habari hiyo kwa Nabii Daudi, nami niko pamoja nao. Lakini tazama kazi ya kisa chenyewe: kondoo hayuko popote, na mhusika amepatikana. Tofauti na ukweli wa ndani wa rafiki yako ni kwamba Nathani hakuliacha fumbo likielea. Alilifungua pale pale, akanyoosha kidole.

Kwa hiyo mlango wa mfano uko wazi ndani ya dini, na una kizingiti. Mtu hawezi kulibadilisha dai kuwa mfano kwa sababu tu limemwia zito kuliamini. Itamlazimu aonyeshe kwamba maneno yenyewe yalikuja kama mfano. Yapo mambo ambayo mimi binafsi nayashika kama dai, na nikikosea hapo nimekosea kweli kweli, sina pa kukimbilia. Nakubali hatari hiyo. Sioni imani isiyokuwa nayo.

Kwa kaka yako usigombane. Yeye anailinda nyumba, na mtu anayechukia uongo ni hazina. Muulize tu kama angemzuia nyanya kusema uwongo njoo, kisha mngoje ajibu.

Umesema nyanya amewalea, ukazungumza kana kwamba yupo. Kama yupo, ukirudi likizo chukua simu yako, bonyeza kurekodi, mwombe akusimulie Liyongo tangu mwanzo bila kumkatiza, hata pale kwenye sindano. Sikiliza anaanzaje, kama anaita uwongo au haiti. Akifika kisimani, mwache akae pale kadiri apendavyo. Akimaliza, muulize nani alimsimulia yeye. Atakutajia mama yake au shangazi yake, na huyo naye alisimuliwa na mwanamke mwingine. Yaandike majina yote atakayoyakumbuka.